Kompyuta Imegoma Kuzimika, Baba Mkwe Kanisikia

Losa, shoga yangu, nimekwisha. Nimekwisha kabisa!

Ile kompyuta yetu kuukuu imegoma kuzimika. Nabonyeza "Zima", inazunguka tu. Nikaizaba kofi: "Zee zima, umechoka, bado unang'ang'ania! Kufa basi tupumzike!"

Nimesema KUFA BASI, Losa.

Sauti ikatoka kwenye spika: "Mwanangu, unaniambia mimi?"

Baba mkwe! Mzee Feleti, aliyetoka hospitali kule kisiwani Vava'u juzi tu! Nilidhani simu ya video nimeikata, kumbe imejificha nyuma ya picha za watoto kwenye skrini.

Nikalia. "Baba, naiambia kompyuta!"

Halafu akacheka mpaka akakohoa. "Itazimikaje na mimi bado nimo ndani? Kata simu kwanza."

Nani akate? Mimi? Tumeongea mpaka viazi vikuu vikaungua jikoni.