Sululu Niliyonyang'anywa Kaburini Kwako

Baba,

Mwangaluka, Baba. Huku hatujambo. Mama yupo, mgongo tu ndio unamsumbua, na ule ng'ombe wako mweusi kazaa ndama jike. Ila leo sikuandikii habari za ndama. Nataka kujisifu, na kwa kuwa huwezi kunikatiza, utanisikiliza mpaka mwisho.

Kwanza aibu yangu. Uliagiza, ukiwa bado unaongea, kwamba kaburi lako nilianze mimi. Wazee walinong'ona kuwa siyo kazi ya mtoto wa marehemu, lakini wewe nani aliwahi kukubishia? Nikapewa sululu mbele ya watu wote. Nilipiga mara kumi na moja. Najua, kwa sababu nilikuwa nahesabu. Ya kumi na mbili mikono ilikataa, moyo ukadunda mpaka masikioni, nikakaa chini puu, kama mzigo wa pamba ulioshushwa. Baba mdogo akaninyang'anya sululu akasema, "Toka, bosi, tusije tukachimba mawili." Watu wakacheka. Msibani kwako, Baba, walinicheka.

Na ulikuwa umenionya. Tangu wanunuzi binafsi waingie, nami nikapata kazi ya kupima pamba pale kituoni, nikawa mtu wa kiti. Pikapu ilinifuata mpaka mlangoni, kwa mwendo ambao wewe uliutembea bila kutoa jasho. Asubuhi chapati, mchana soda mbili. Kitambi kilipotokea nilifurahi! Watu walisema, "Masanja mambo yake safi," nami nakisukuma mbele. Wewe ulinitazama ukauliza, "Ng'wanangu, na huo mzigo umeupima?" Nikacheka. Nikakuahidi kuanza mazoezi Jumatatu. Halafu Jumatatu nyingine. Halafu msimu wa pamba ukiisha. Ukaniambia leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo. Nikaitikia kwa kichwa, nikafungua soda.

Baada ya matanga nilichukua jembe lako kwa hasira. Nililima tangu alfajiri mpaka jua la utosi, nikijua nawakomesha waliocheka. Siku nne sikuinuka kitandani. Mke wangu Kabula alinikanda kwa maji ya moto huku akijizuia kucheka, na hakufanikiwa.

Nikiwa nimelala pale nikakumbuka kijiti chako. Uliponifundisha kulima ulikichomeka hatua chache mbele ya jembe langu. Nikifika hapo niache, hata kama bado nina nguvu, na kesho yake tukisogeze hatua moja. Mimi nilinuna, nilitaka kuonyesha ubabe. Ukasema, "Anayelima leo ili asifiwe, kesho hatumwoni."

Basi nikachomeka kijiti. Siku ya kwanza hatua tano tu, nikamaliza kabla chai haijachemka. Jembe nilililaza kizingitini, ili nikitoka nilichukue au nilivuke. Sitakudanganya, nililivuka mara mbili. Mara ya kwanza nilisingizia mvua, ya pili ilikuwa uvivu mtupu. Ile ya pili nilirudi kutoka njiani nikalichukua. Pikapu nayo niliiambia isinipitie tena. Dereva alidhani nimefukuzwa kazi, akanipa pole!

Sasa mkanda wangu umerudi matundu manne, na la tano nimelitoboa mwenyewe kwa msumari.

Lakini siyo mkanda ninaojivunia. Mvua za mwaka huu zilikuwa kubwa, kaburi lako likatitia upande wa miguu. Mama aliliona, akaenda kukaa jikoni analia peke yake. Baba mdogo akasema tusiwe na wasiwasi, tutaita vijana Jumatatu. Jumatatu! Nilipolisikia neno lile, nilijisikia mimi mwenyewe nikiongea.

Jana, Jumamosi, kabla jua halijapanda, nilikwenda kwenye kichuguu nyuma ya zizi na sululu ile ile. Udongo wake unaujua, mgumu kuliko wewe. Nikahesabu mpaka kumi na moja, nikaogopa, kweli Baba. Ya kumi na mbili ikaingia. Ya kumi na tatu nayo. Baada ya hapo niliacha kuhesabu.

Nilibeba udongo begani, karai kwa karai, nikaushindilia kwa miguu mpaka kaburi likainuka. Baba mdogo alikuja na beleshi lake. Nikangoja aniite bosi. Akasema, "Masanja, nipishe na mimi." Nikakataa! Mungu anisamehe, nilikataa kwa raha zote. Akaketi kwenye jiwe akawa ananitazama, na sikumwona akicheka.

Mama alileta maji. Akainama na mgongo wake ule, akapapasa udongo kwa kiganja, akasema, "Sasa amelala sawasawa." Hapo nililia, Baba, na sululu ikiwa mkononi mwangu.

Wenzako wa kikundi cha kulima kwa ngoma wameniuliza kama msimu ujao nitaingia mstarini. Nafasi yako ya pembeni hawajampa mtu. Nakuahidi nitasimama pale, na sitaketi mpaka ngoma inyamaze.

Pumzika, Baba yangu. Kijiti nimeshakisogeza. Kesho ni Jumatatu, na safari hii sianzi kitu. Naendelea.

Mwanao,
Masanja