Koti la Kaka Guoliang

Ningbo

Dada Aizhen,

Shikamoo dada. Vipi magoti na baridi ya huko Shipu? Mimi mzima wa mwili, ila chakula cha mtu mmoja hakina ladha. Samaki mmoja namla siku mbili.

Bado ni mlinzi katika lile hekalu la Mazu, mungu mama wa mabaharia, ambalo sasa ni makumbusho ya bahari. Kuwasha udi marufuku. Juzi nilimkataza bibi mmoja, akanicheka, eti namlinda Mazu asisikie harufu nzuri.

Mwanzoni mwa mwaka, mkurugenzi wetu, binti aitwaye Miao, alitangaza kuwa anatafuta nguo za wavuvi wa zamani. Nikampelekea koti la buluu lenye viraka kwenye viwiko vyote viwili. Wakalitundika ndani ya kioo, wakaandika: mwenyewe hajulikani.

Dada, mwenyewe ni kaka Guoliang.

Unakumbuka alipopotea baharini tukafunga mtu wa majani makavu, ili avikwe nguo yake, nawe umwite maji yakijaa, roho iitambue nguo irudi nyumbani. Mama alinituma mimi sandukuni. Koti lile nilikuwa nalitamani mno. Nikalificha, nikaleta langu. Yalifanana, na macho ya mama yalijaa machozi. Uliita mpaka sauti ikakukauka. Tulichozika ni majani yaliyovaa koti langu. Miaka arobaini na miwili kaka hana pa kurudi, na mimi sikuthubutu kulivaa hata siku moja.

Nililitoa nikidhani kwa Mazu kaka atalipata. Sasa kila nikilipita roho inaniuma. Nilimwomba Miao anirudishie, akasema, Mzee Chu, kilichoingia kwenye kioo hakitoki, na hilo koti lako bovu lina bahati, linapepewa na kiyoyozi kuliko sisi. Alinitania kwa wema. Sikumwambia ni la nani.

Nimejaribu kumwita kaka mimi mwenyewe. Maji ya bahari yakijaa hupanda mtoni mpaka karibu na mlango wa makumbusho, nami husimama pale nikataja jina lake. Ninaona aibu, sauti haitoki. Aliyoizoea ni yako, wewe uliyembeba mgongoni utotoni.

Njoo, dada. Mwezi ukiwa mpevu maji hujaa sana. Nitakufungulia mlango, utasimama mbele ya koti lenyewe umwite.

Nisalimie wajukuu wote. Ukikasirika, kasirika ukiwa njiani.

Mdogo wako,
Genbao