Nusu ya Maneno ya Somoe

Nairobi

Dada yangu Agnesi,

Shikamoo, dada. Mimi mwili hauna neno. Baridi ya Julai hapa inang'ata, nalala na soksi, lakini siumwi. Niambie Shemeji anaendeleaje na kifua, na kama amekubali kumwachia mtu mwingine kazi ya kupuliza salfa msimu huu, maana mikorosho itazaa hata asipobeba mashine yeye. Na Baba kule Lulindi, nasikia bado anakwenda kufundisha kwaya kwa miguu. Mwambie namwamkia.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu nitapayuka, nawe utakata, na utakuwa na haki. Nina hasira, dada. Ninayo tangu ile asubuhi uliponitumia ujumbe wa sauti wenye maneno mawili tu: "Uliahidi, Esta." Nikadhani pana msiba. Ndipo ukatuma na ile video, nikamwona mwanafunzi wako Somoe.

Nitaeleza tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, maana nataka uone walikosea wapi wao, na mimi nilikosea wapi.

Unakumbuka kilichonileta Makote mwaka jana. Kampuni yetu hapa ilikuwa inatengeneza masomo ya hesabu ya mtandaoni kwa darasa la tano, mimi nikapewa mada ya sehemu, ile inayowatoa watoto jasho. Somo la kwanza walilitengeneza wenzangu, wakaweka picha ya piza iliyokatwa vipande. Ulipowaonyesha watoto wa darasa lako kwenye kishikwambi, mmoja akauliza hilo gurudumu wanalikata kwa nini. Niliporudisha habari hiyo ofisini walicheka sana. Mimi sikucheka. Niliwaambia tuache kwanza kufundisha, tusikilize. Mtoto hakosei hovyo. Kila jibu lisilo sahihi lina njia iliyomfikisha hapo, na somo lianzie kwenye njia hiyo. Ndiyo maana nikaja kwako kurekodi.

Tukaenda wote wawili kwa kila mzazi. Mama Somoe tulimkuta anachambua ming'oko, ile mizizi ya porini. Karatasi ya idhini hakuisoma. Alinitazama usoni akauliza picha za mwanawe zitakwenda wapi. Nikamwambia, wewe umesimama hapo, kwamba zitaonwa na sisi watengeneza masomo tu. Akasema haya, kwa kuwa wewe ni mdogo wake Mwalimu. Kampuni hakuijua. Ile sahihi aliitia kwa sababu yako.

Kesho yake Somoe akakaa mbele ya kamera. Nikamwandikia ubaoni moja ya tatu na moja ya nne, nikamwuliza ipi kubwa. Hakusita. "Robo," akasema. "Nne ni kubwa kuliko tatu." Wewe ulitaka kumsahihisha, nikakushika mkono. Nikamwuliza nyumbani kwao ndoo ya maji wanagawanaje. Akaeleza kwamba bomba likikauka, ndoo moja inagawanywa kwa watu watatu, na bibi yake akija wanakuwa wanne. Hapo akarudi kuutazama ubao.

"Kumbe wakiwa wengi kila mtu anapata kidogo," akasema. "Basi robo ndiyo ndogo. Hiyo nne ni watu, siyo maji."

Dada, nimesomea ualimu, nimekaa kwenye semina mpaka kiti kikanichoka, na sijasikia mtu akiieleza asili ya sehemu vizuri hivyo. Vitabu vinasema kiasi kiko juu na asili iko chini, mtoto anakariri, mtihani unakuja, anajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Huyu alikwenda mwenyewe mpaka ndani ya jambo. Somo zima nikalijenga juu ya maneno yake. Mtoto anaona ndoo imejaa, anaongeza watu, na kabla maji hayajamiminwa lazima akisie kila mmoja atapata kiasi gani. Akikosea hapigiwi kengele wala hawekewi alama ya mkasi. Maji yanamiminwa tu, anaona mwenyewe. Tulilijaribu na watoto wa hapa, wakaelewa siku hiyohiyo. Katika kazi zangu zote sijatengeneza kitu kizuri kama kile.

Rekodi nikaiweka kwenye hifadhi ya pamoja ya ofisi, ambayo mfanyakazi yeyote anaifungua. Kosa langu ni hilo, na silipunguzi. Nilimwambia Mama Somoe "watengeneza masomo tu", kumbe nyumba yenyewe haina mlango. Watu wa matangazo wakaichukua. Wakakata pale Somoe aliposema nne ni kubwa kuliko tatu, yaliyobaki wakayatupa, wakaandika chini ya uso wake: "Darasa la tano, hajui robo. Wako je?" Kisha wakaisambaza.

Hakuna aliyenipa hata taarifa. Nimejua kutoka kwako, wakati imeshafika kwenye simu za watu Newala mpaka Masasi, watoto wenzake wameshambatiza jina la Robo, na huyo mwalimu mwenzako wa darasa la saba ameshawaonyesha wanafunzi wake huku anacheka. Na huyo nina hasira naye, usimfiche nyuma ya heshima ya ofisi ya walimu. Mtu mzima, chaki mkononi, anamcheka mtoto kwa kosa ambalo wanafunzi wake mwenyewe wanalifanya kila siku ya Mungu!

Asubuhi ileile niliingia kwa mkurugenzi bila kubisha hodi. Nikamwonyesha rekodi nzima. Aliitazama mpaka mwisho, akasema ni nzuri, ila tangazo linafanya vizuri kuliko yote waliyowahi kutoa. Akanikumbusha kwamba mzazi alitia sahihi. Nikamjibu kwamba alitia sahihi kwa ajili ya masomo. Akasema, kwa ule upole wake unaoudhi kuliko matusi, kwamba tangazo nalo ni somo, linawaamsha wazazi.

"Angekuwa binti yako," nikamwuliza, "ungekata hapo?"

Akatazama dirishani. Akasema mambo ya familia nisiyalete kazini.

Basi nikamwambia somo jingine kutoka kwangu asahau, na kwamba kesho yake nitawapigia walimu wakuu wa shule zote tulizorekodi, mmoja mmoja, niwaeleze video za watoto wao ziko wapi na zinaweza kufanywa nini. Hapo akanisikia. Jioni tangazo likaondolewa. Usidhani ni aibu, ni woga. Siku mbili baadaye akaja na wazo turushe na ile nusu ya pili, watu waone mtoto ana akili, na kampuni ijisafishe. Nakiri kwako, dada, nilishawishika. Nilitaka kila aliyecheka asikie lile neno la watu na maji. Lakini nikakuomba umwulize mama yake kwanza.

Jibu ulinifikishia kama alivyolitoa: "Mwambie mdogo wako simtaki mwanangu kwenye simu ya mtu yeyote. Si nusu, si nzima."

Nimefanya alivyotaka. Rekodi zote za watoto wa Makote zimefutwa, na nilisimama nyuma ya fundi wa kompyuta mpaka akazitoa hata kwenye nakala za akiba. Somo la ndoo nalo nimeliondoa, kwa kuwa sauti ya Somoe ndiyo iliyoliongoza mwanzo mpaka mwisho. Nililifuta kwa mkono wangu, nikaenda chooni nikalia, nikarudi kazini. Mkurugenzi akasema naharibu mali ya kampuni. Nikamwambia mali hiyo ilitoka kinywani mwa mtoto wa watu. Wiki iliyofuata nikaandika barua ya kuacha kazi. Ukisikia huko kwamba nimefukuzwa, kataa.

Zilizobaki kwenye simu za watu siwezi kuzifuta, na hilo ndilo linaloninyima raha. Umesema Somoe hajaingia darasani wiki ya tatu sasa, asubuhi anachukua jembe anamfuata mama yake shambani, na akikuona wewe anazunguka nyuma ya nyumba. Wewe, aliyekuwa anakubebea madaftari. Umesema pia umekwenda mara mbili kuniombea msamaha, ukaishia mlangoni.

Usiende tena. Na hapa, unisamehe, nina hasira kidogo na wewe. Tangu utoto wetu nikivunja chombo cha watu, wewe ndiye unayekwenda kwa wenyewe ukapiga magoti, mimi nimejificha jikoni. Hiki nimekivunja nikiwa mtu mzima. Niachie.

Nakuja. Tiketi ya basi mpaka Dar es Salaam ninayo tayari, na kutoka huko nitateremka Masasi. Lulindi sitafika kwanza, Baba ataniwia radhi. Nitapanda moja kwa moja Newala mpaka Makote, na nitapita mlangoni kwako bila kusimama, usije ukanikimbilia. Nitaanzia kwa Mama Somoe. Sitabeba kamera wala kishikwambi. Nitakaa chini nimwambie kwamba niliahidi kitu ambacho sikuwa na uwezo wa kukilinda, kisha nitanyamaza, naye aseme yake yote. Akinifukuza nitarudi kesho yake, na keshokutwa.

Wewe fanya moja tu. Huyo mwalimu wa darasa la saba asimame mbele ya watoto walewale aliowachekesha, aseme alikosea. Akikataa, nenda kwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu naye akikataa, basi msiongeze neno, nisubirini.

Nisalimie Shemeji, na Yohana mwanao, mwambie ajifunze kuamkia watu bila kusukumwa. Msalimie Shangazi Edina wa kanisani, na Bibi Mwanahawa jirani yenu aliyenipa maji ya kuoga siku ile na yeye hana. Somoe usimpe salamu zangu. Nitampa mwenyewe, akikubali kunitazama.

Mimi mdogo wako, ambaye safari hii hajajificha jikoni,

Esta