Mukono Wenye Sikuvuta

Vuhovi, tarehe 4 mwezi wa tano 2024

Mudogo yangu Lusenge,

Jambo. Habari ya Butembo, mama anaendelea na afya? Hapa kwa shangazi yetu, Tantine Joyeuse, banaamuka muzuri. Ni miye tu njo siamuke muzuri. Muguu yenye ilivunjika ingali imefungwa ndani ya plâtre ngumu na inawasha. Choo iko chini ya kilima, naendaka nikitambaa na matako. Mwalimu muzima!

Miezi mbili mama hajakuja kuniangalia. Nilifikiri anagonjwa. Jana jirani yenu Kavuo alipita huku, nikamuuliza. Akaangalia chini: "Mama anasema hawezi kuona uso ya mutu mwenye alitaka kumuulia kijana yake mumoja. Lusenge alieleza kama ulimuvuta mukono kwa kona, juu ya woga."

Lusenge! Tulikuwa tunatoka ndoa ya Beni, piki inakimbia, na weye unaiendesha na mukono moja, unaongea na telefone. Nilikuambia mara mbili: "Weka ile telefone, kona iko mbele." Ukacheka, tukaanguka. Enda umwambie mama.

Dada yako, Kahongya

Butembo, tarehe 11 mwezi wa tano

Yaya Kahongya,

Nakusalimia sana. Muguu inasema nini? Shiye tuko salama.

Yaya, ile bintu ilipita mbio. Pengine ulinigusa, pengine hapana. Tuache, muhimu tuko bazima. Pokea sukari na sabuni kwa mukono ya Ananie mwenye analeta hii barua.

Mudogo yako, Lusenge

Vuhovi, tarehe 20 mwezi wa tano

Lusenge,

Leo salamu hakuna. Sukari yako inarudi na Ananie yule yule. Sabuni imebakia, juu tantine alikuwa amekwisha kuifungua.

Weye ulitoka na mukwaruzo kwa goti. Miye, infirmier, muuguzi wa hapa, alikata plâtre alhamisi: muguu imekauka, na imepungua vidole mbili kuliko mwenzake. Ile pia ni "pengine"?

Usiniandikie mpaka umwambie mama.

Kahongya

Butembo, tarehe 10 mwezi wa sita

Yaya,

Habari ya siku mingi. Nimesema.

Jana kisha misa, mama alikuwa anaelezea rafiki yake Mama Adèle namna miye niliokoa piki, na namna weye ulikuwaka na roho mubaya tangu utoto. Nikamukatiza: "Mama, nyamaza. Ni miye. Nilikuwa na telefone, yaya alikataza." Batu yote banasikia.

Hakunipiga. Aliniuliza tu: "Miezi tatu umeniacha nichukie mutoto yangu?"

Leo asubui alifunga kikwembe kwa kiuno, akashika njia ya Vuhovi na miguu. Nikamufuata na piki, akakataa kupanda. Atafika mbele ya hii barua.

Mudogo yako

Vuhovi, tarehe 13 mwezi wa sita

Lusenge,

Mama alifika saa kumi, amejaa vumbi. Akaketi chini, akashika muguu yangu, akalia. Miye sikulia. Nikamuuliza: "Mbona haukuniuliza miye?" Asubui tunagombana, mangaribi ananipakala mafuta. Tuko vile.

Kwako, roho yangu ingali moto. Usiombe niseme imeisha. Lakini jumamosi infirmier anataka nipande mpaka kwa kanisa bila fimbo, na mama miguu yake imevimba. Kuja. Utatembea ku upande ya njia yenye iko na shimo. Usiongee. Nikianguka, unishike.

Dada yako, Kahongya