Kitambaa Juu ya Kompyuta

Jumanne jioni

Kompyuta bado haiwaki. Nikibonyeza, taa inamulika, feni inakohoa, halafu kimya. Na sauti ya marehemu mume wangu akiifundisha kwaya imo humo tu, hakuna kwingine.

Nimeipeleka mtaa wa Kings Heath, huku huku ughaibuni, kwa yule fundi Mhindi mzaliwa wa Kisumu. Alipoifungua alicheka. "Mama, umeivalisha sweta?" Matundu ya hewa yamezibwa na vumbi na nyuzi za kitambaa nilichofuma mwenyewe, ninachoifunika nacho kama tulivyofunika redio nyumbani. Imeungua kwa joto. Diski amebaki nayo, atajaribu kuiokoa, lakini hakuniahidi kitu. Nilitamani kumkemea kwa kile kicheko.

Nikamweleza binti yangu Wanjiru. Akajibu, kwa Kiingereza chake, kwamba Baba alikuwa anakitoa kitambaa kila mara kabla ya kuiwasha.

Ni kweli, na tuligombana sana kwa hilo. Nilidhani anaidharau kazi ya mikono yangu. Alikikunja tu vizuri, akakiweka mapajani mpaka amalize.

Tangu tumzike nimekuwa nikiiwasha kila Jumapili nimsikie akiimba, kitambaa kikiwa juu ya kompyuta.