Simu Isiyotoka Nyumbani

Jumanne, 2 Septemba 2025

Leo na sisi tumeingia mtandaoni! Fundi Hamis amekuja na pikipiki, begi mgongoni, ngazi ameazima kwa Valeria wa ng'ambo ya barabara. Kazunguka nyumba nzima na simu mkononi akitafuta mahali mnara unaposhika. Jikoni hapana. Chumbani hapana. Sebuleni, dirisha la barabarani, pembeni ya cherehani yangu – hapo hapo. Sasa kuna kisanduku cheupe chenye taa tatu. Na simu ya mezani! Ile ya mkonga na waya wa kujikunja, imechomekwa nyuma ya kisanduku, ina kidirisha kinachoonyesha namba ya anayepiga. Nikamuuliza Hamis, siku hizi nani bado ana simu ya waya? Akacheka. Mama, mzee mwenyewe ameing'ang'ania.

Mzee mwenyewe ni mume wangu, Tharsisi. Yuko Manyovu mpakani, biashara ya maharage na mawese, analala chumba cha nyuma ya stoo pamoja na mwenzake Salumu. Hapa Kasulu anakuja Jumamosi moja moja. Ndiye aliyeagiza hata jina la waifai: NYUMBANI. Nikampigia Irakoze chuoni Mwanza kwa video, nikamwonyesha mpaka kuku. Mtoto alicheka, nami nikacheka. Nimefurahi, niseme ukweli.

Jioni saa moja simu ya mezani ikaita, nikaruka. Tharsisi. Kasema hii ndiyo simu ya nyumba, namba anayo yeye peke yake, nisimpe mtu, hata Irakoze. Atapiga kila jioni saa moja. Nikasema, si unipigie ya mkononi kama siku zote? Akasema ya mkononi inatembea.

Jumatano, 3 Septemba

Mazoezi ya kwaya. Katikati ya wimbo wa pili simu yangu ya mkononi ikatetemeka kwenye mkoba. Tharsisi. Amepiga nyumbani, haikupokelewa, niko wapi? Kwaya, baba Irakoze, leo Jumatano. Akauliza kama kwaya haina saa nyingine. Hakupiga kelele. Tharsisi hapigi kelele, anashusha sauti mpaka unajiona una hatia.

Nimeelewa sasa! Simu ya waya haiendi kanisani. Haiendi sokoni wala msibani. Ukiipokea, uko nyumbani, basi. Na mimi nilivyo mjinga, nimeifumia kitambaa cha kuifunika.

Ijumaa, 5 Septemba

Mazoezi mengine, sijaenda. Rosa alipita kunichukua – jirani yangu, tunaimba bega kwa bega tangu nifike mtaa huu. Nikamdanganya kuwa mgongo unauma. Akakaa nami barazani kidogo.

Saa moja ikaita. "Nipo. Nipo nyumbani, sijatoka." Sauti yangu mwenyewe imenichefua. Akasema vizuri. Halafu akauliza: anaona kwenye simu yake kuna mtu mwingine kaingia kwenye waifai yetu, ni nani? Ni Rosa! Rosa alikuwa anaangalia mitindo ya vitenge!

Jumapili, 7 Septemba

Baada ya ibada Mwalimu Benedicto ametangaza: tarehe 27 kwaya inakwenda Kibondo kwenye tamasha. Na mwimbishaji ni mimi. Mimi! Kumsenga kwetu ni wilaya hiyo hiyo, mama angekuja kunisikia. Hajawahi kunisikia nikiimbisha, tangu niolewe huku.

Jioni nikamwambia Tharsisi. Akauliza: na simu atapokea nani? Nikacheka, nikidhani anatania. Hakuwa anatania.

Alhamisi, 11 Septemba

Mwandiko wa leo ni mbaya, najua.

Umeme ulikatika mchana, uliporudi kisanduku kikawasha taa nyekundu. Simu ya mezani imekufa. Nikaogopa – mtu mzima naogopa taa! Kwa sababu saa moja inakuja. Nikapiga huduma kwa wateja kwa simu ya mkononi. Akapokea binti mwenye sauti ya Dar, laini kama mafuta. Nikampa jina la Tharsisi Nduwayezu. Akabofya, akasema:

"Sawa mama yangu, naona visanduku viwili kwenye jina hili. Vyote vimeandikwa Nyumbani. Chenye tatizo ni Nyumbani ya Kasulu au Nyumbani ya Manyovu?"

Akauliza kama bado nipo hewani. Nikasema Kasulu. Akanielekeza: zima, subiri, washa. Taa ikawa kijani. Akauliza kama kuna kingine cha kunisaidia. Nikasikia mdomo wangu unauliza: hicho cha Manyovu nacho kina simu ya mezani? Kinayo, mama, tena namba zimefuatana, yenu inaishia na nne, ile na tano. Akanishukuru kwa kuwa mteja wao.

Chumba cha nyuma ya stoo! Na Salumu! Nimeshona shuka za kitanda hicho kwa mikono yangu, akasema nitengeneze pana, Salumu anageukageuka sana.

Saa moja alipiga. Nikasema nipo.

Ijumaa, 12 Septemba

Leo Tharsisi amevuka kwenda Burundi kufuata mzigo. Kwa hiyo mchana nikainua mkonga, nikapiga ile ya tano. Matusi nilikuwa nimeshayapanga, mazuri, ya kwetu Kumsenga.

Haikumaliza hata mlio wa kwanza. Mwanamke, anahema, kama aliyekimbia kutoka uani. Hakusema haloo, wala hakungoja sauti yangu.

"Nipo, baba Ininahazwe. Nipo nyumbani, sijatoka."

Nikakata.

Hayo ni maneno yangu! Yangu yote, mpaka ile pumzi. Kumbe naye ana kisanduku, naye ana saa yake ya kuitwa. Na kuna mtoto, ana jina, mtoto wa Tharsisi. Nimelia kwa hasira, kisha nimelia tu. Nilitaka kumchukia yule mwanamke leo na hata hilo nimenyimwa.

Jumamosi, 13 Septemba

Hajaja. Mzigo, anasema.

Babu yangu, aliyevuka kutoka Burundi na kundi la watoto, aligombana na jirani mmoja maisha yake yote, na hawakuwahi kutoleana neno. Alifuga mbwa, akamwita Bavugamenshi – wanasema mengi. Kila jioni anasimama mpakani mwa shamba: Bavugamenshi! Bavugamenshi, njoo! Jirani naye akanunua mbwa, akampa jina la kujibu. Kwetu ndivyo tunavyosemana. Mtoto, mbwa, ng'ombe, kila jina linabeba ujumbe.

Mimi sina mbwa. Nina waifai.

Nikakigeuza kisanduku, paswedi imebandikwa chini, nikafuata nilivyomwona Hamis akifanya. Nikafuta NYUMBANI. Nikaandika NDABIZI. Yaani, nayajua. Hamis alisema mawimbi yanafika mpaka kwenye mashine ya kusaga. Kila anayefungua simu yake kuanzia hapa mpaka mashineni atalisoma.

Simu ya mezani haikudhurika, ya mkononi ndiyo imetoka kwenye waifai. Saa moja Tharsisi kasema haoni simu hata moja kwenye waifai leo, vizuri, nimeanza kubana matumizi. Nikasema ndiyo.

Jumatatu, 15 Septemba

Jamani, mtaa huu!

Asubuhi, hata salamu ya "mwakeye" sijaitikia vizuri, Castory wa dukani yuko mlangoni na kilo ya sukari. Mizani yake ni ya zamani, anasema, si makusudi, ataibadilisha. Sikumuuliza kitu! Mchana Valeria karudisha sufuria yangu iliyopotea tangu Pasaka, ameisugua inang'aa. Jioni Mwalimu Benedicto kanisimamisha njiani anaeleza kwa nini mwaka jana uimbishaji alimpa shemeji yake. Koo la shemeji, sijui maombi ya familia, sijui nini. Nikawa natikisa kichwa tu.

Wote wamelisoma jina na kila mmoja ameona limeandikwa kwa ajili yake. Nimecheka peke yangu kwenye cherehani mpaka sindano ikanichoma. Mtaa mzima una dhambi, na mimi nilikuwa nashona sare za shule tu!

Jumatano, 17 Septemba

Nisingecheka juzi.

Rosa amekuja. Hakukaa. Kasimama mlangoni akivuta ncha ya kitenge.

"Mama Irakoze, nimeliona jina. Umejua lini?"

Nikamwuliza, kujua nini?

"Usinitese. Imana Mungu wetu ananiona, nilitaka kukwambia. Nilishindwa pa kuanzia."

Amewaona. Rosa hufuata vitenge Manyovu, na amewaona sokoni, Tharsisi kambeba mtoto mabegani. Ni mwaka juzi hiyo! Nikauliza nani mwingine anajua. Akaanza kulia. Benedicto anajua. Valeria anajua. Kwaya karibu yote.

"Huwa tunakuombea. Ijumaa, ukishatoka."

Ijumaa, nikishatoka! Kumbe ndiyo maana walikuwa wanachelewa kufunga kanisa. Nilidhani nimeutangazia mtaa jambo, kumbe mtaa ndio ulikuwa unanisubiri mimi. Miaka hii yote nimeimba mbele ya watu wanaonihurumia. Nimemfukuza Rosa. Nimemwambia maneno ambayo niliyapanga kwa ajili ya yule mwingine, hayakupotea bure.

Saa moja sikupokea. Nilikaa hapa hapa, nikaiangalia inaita. Ya mkononi nimeizima.

Alhamisi, 18 Septemba

Kibondo nakwenda. Nimemtumia Benedicto ujumbe, neno moja tu: nakwenda. Sitaki maombi yao, nataka mama anisikie.

Simu sijapokea tena.

Jumamosi, 20 Septemba

Amekuja. Naandika yeye akiwa uani, nikisikia miguu yake kwenye kokoto.

Kaja na dumu la mawese na kitenge kipya, na salamu fupi. Hakuuliza kwa nini sipokei. Anangoja, namjua, anataka nianze mimi. Kasema kwanza aangalie kama kisanduku ni kizima. Akatoa simu.

"Mbona waifai haishiki? Nyumbani iko wapi?"

Nikavuta daftari hili. Akaenda uani, akawa anasoma kwa sauti majina yanayojitokeza. La duka la Castory. La mashine ya kusaga. Halafu akasoma la tatu nusu, akaishia hapo. Ni mtoto wa Warundi kama mimi, hahitaji kutafsiriwa.

"Mama Irakoze." Sauti imeshuka. "Hii Ndabizi ni ya nani?"

"Ni ya kwetu."

Kokoto zimetulia. Sasa yuko mlangoni, simu yake mkononi, taa ya kioo inammulika kidevu. Amezeeka, sikuwa nimeona. Anafungua mdomo –

Simu ya mezani inaita.

Namba yake anayo mtu mmoja tu duniani, na huyo amesimama mbele yangu. Kidirisha kinaonyesha. Inaishia na tano. Bila shaka na kule kuna kidirisha, na namba niliyoiacha siku ile bado imo.

Anaiangalia simu, ananiangalia mimi. Ni saa moja. Sijainuka, kalamu iko mkononi. Nimemwambia:

"Pokea wewe, baba Irakoze. Mwambie kama uko nyumbani."

Inaita bado.