Kiapo cha Mwalimu wa Dabke

Ajloun, Jumanne

Kwako dada yangu Itaf,

Pokea salamu nyingi, pamoja na za mwanangu Layan, ambaye sasa anatembea kwa kushika kuta. Mgongo wako unaendeleaje, na shemeji amepata kazi? Sisi tupo, ila mimi usingizi umeniruka.

Unajua nilivyofurahi shule iliponiita niwafundishe watoto wa darasa la nne hadi la saba dabke, ile ngoma ya kushikana mikono na kupiga vishindo, kwa ajili ya sikukuu yao. Mikono wanashikana vizuri, lakini miguu kila mmoja ana nchi yake. Wiki ya pili akafariki Haji Mitib, kaka wa mama mkwe. Arobaini ya hapa unaijua: redio kimya, kahawa chungu, na ngoma hata usiitaje. Mama mkwe akasema anayepiga vishindo sasa anamkanyaga marehemu kifuani.

Sikuacha, dada. Sikukuu ni Alhamisi, na hawana mwingine wa kuwafundisha. Tulihamia stoo, tukacheza peku juu ya magodoro ya mazoezi, mimi nikihesabu kwa kunong'ona. Binti mmoja, Sujud, akaniuliza, "Mwalimu, hii ni dabke au tunaiba kuku?" Wenzake wakacheka huku wameziba midomo. Mimi macho yangu yalikuwa mlangoni.

Sasa lililo moyoni. Wiki iliyopita mama mkwe aliniuliza kama bado nafundisha. Nikaapa kwa uhai wa Layan kwamba nimeacha. Uhai wake, Itaf, naye amekaa mapajani pangu. Kesho yake mtoto akashikwa na homa. Daktari anasema ni koo tu. Mimi kila nikimgusa paji la uso naona ni ulimi wangu unaomchoma.

Jana usiku nikashindwa kuvumilia, nikamwambia mama mkwe yote. Nilidhani atanifukuza. Badala yake akamchukua mtoto, akasema, "Mungu hamchukui mtoto kwa ujinga wa mama yake. Funga siku tatu, na usiniapie tena." Kuhusu Alhamisi hakutamka neno, nami sikuthubutu kuuliza.

Nimeanza kufunga. Homa haijashuka, ila mchana Layan amekunywa maziwa kidogo mkononi mwa bibi yake. Alhamisi nitakwenda. Wale watoto niliwaahidi, na sina uongo mwingine wa kumpa mtu.

Mwombee mwanangu kila sala. Msalimie shemeji, na mama ukimpigia simu usimwambie.

Ni mimi mdogo wako mwenye hofu,
Rudayna